Wari Moja ya Atlasi

Kijana wa dukani alinigeuzia ule ubao wa jora nijionee mwenyewe. Mtupu. Atlasi ya rangi ya zabibu imekwisha. "Jana jioni tu, mama. Kaja bibi mmoja kachukua wari tano za mwisho." Nilikuwa nimetoka Chake Chake, Pemba, asubuhi na gari ya 603 mpaka bandari ya Mkoani, nikavuka bahari hadi Unguja, nikatembea kutoka bandarini Malindi hadi Darajani, vyote hivyo kwa ajili ya wari moja, yaani yadi moja, ya kitambaa.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Machomane, hapa Chake Chake, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mliowahi kushona sare za harusi mnaujua mkasa wenyewe. Unawapima dada sita wa bi harusi, unanunua kitambaa cha watu sita, unakata, halafu siku tisa kabla ya harusi anatokea dada wa saba kutoka Mombasa. Hakuna aliyemtarajia, nyumba nzima inalia kwa furaha, naye anataka sare kama wenziwe. Nilipobana mikato nilibakiwa na wari mbili na nusu, na gauni lake linataka tatu na nusu. Na atlasi hununui popote ukaona mradi rangi inafanana, maana kila jora lina mchovyo wake. Ukiziweka mbili juani, moja huonekana mpya na nyengine kama imefuliwa mara kumi.

Nililala kwa mama mdogo, Magomeni, nirudi asubuhi mikono mitupu. Alfajiri bandarini tukaambiwa chombo hakitoki. Ilikuwa Julai, kusi limekaza. Baadhi ya watu walinung'unika kidogo kisha wakanyamaza. Sisi watu wa Pemba, tangu ule usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikija kwetu, hatubishani sana na mtu anayesema bahari imechafuka. Nikarudi Magomeni na mkoba wangu.

Jioni umeme ukazimika. Mama mdogo alikuwa ameepua vitumbua, akajaza sahani, akauliza nani atampelekea bibi wa nyumba ya pili. Watoto watatu wakatazamana. Na mimi nilikuwa nimechoka, roho imenikaa vibaya, lakini niliona haya kukaa mgeni na mikono yangu mizima. Nikainuka.

Yule bibi nilimkuta barazani gizani, kajikunja na upepeo wake wa mkono. Aliniambia kuwa kukaa nje umeme ukizimika ni desturi aliyoianza ile miezi Unguja ilipokosa umeme, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, watu wakajifunza upya kuyakalia mabaraza yao. Akanitazama. "Mbona umejiinamia hivyo, mwanangu?"

Hapa ndipo ningeweza kuharibu kila kitu. Kwetu tumelelewa kusema "salama tu" hata nyumba ikiungua. Lakini nilimweleza, na sikueleza kwa juujuu. Nilimwambia dada wa saba, nikamwambia wari moja, nikamwambia rangi ya zabibu, nikatoa pochini kipande cha mfano nilichokuja nacho. Akakishika, akawasha tochi ya simu, akakigeuza upande wa ndani, upande wa nje. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hii si ndiyo atlasi yangu hii!"

Yeye ndiye aliyelimaliza jora. Alitaka wari nne za gauni la bintiye, kijana wa dukani akambembeleza amalizie zote tano, akampunguzia bei. Ile ya tano hata hakujua ataifanyia nini. Kitambaa kilikuwa bado kimo kwenye mfuko wa duka, nyuma ya mlango. Tulikikata palepale kwa mkasi wa jikoni, mimi nikiomba mkono wangu usitetemeke, akapokea bei aliyonunulia yeye, bila kuongeza hata shilingi.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu sasa, na nimelirudia nyuma kama ninavyofumua mshono kutafuta palipokatika uzi. Kama bahari ingetulia, ningekuwa Mkoani. Kama umeme haukuzimika, bibi angekuwa ndani na mlango umefungwa. Kama kijana yule hakuwa na ulimi mtamu, wari ya tano ingebaki dukani na angeichukua mtu mwengine kabla yangu. Yale yaliyonikera siku ile, jora kwisha, chombo kutotoka, umeme kuzimika, ndiyo yaliyonifikisha. Haya yote si yangu. Siwezi kuamuru kusi. Lakini ndani ya mlolongo huo kuna mishono miwili niliyoishona kwa mkono wangu: niliinuka nilipoombwa, na nilisema shida yangu nilipoulizwa. Hiyo miwili ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu mingine yote Mungu anaijua.

Kusema shida. Mama mdogo nilipomsimulia alisema, "Mficha uchi hazai," akaendelea kula. Lakini naona iko namna ya kusema. Kulalamika, kwamba safari imekuwa ngumu na dunia imebadilika, kunamfanya mtu akuonee huruma tu. Ukitaja kitu chenyewe, kiasi chake, rangi yake, siku unayokihitaji, aliyekaa mbele yako anaanza kufungua makabati yake kichwani. Bibi yule asingenisaidia kama ningesema "nimekosa kitambaa". Ni kile kipande mkononi kilichomfanya acheke. Tangu siku ile situmi wanafunzi wangu dukani bila kipande cha mfano, na mwenyewe sitoki nyumbani nikiwa natafuta kitu bila ushahidi wake pochini: kifungo, picha, ukurasa wa daftari wenye kipimo. Na usichague sana wa kumwambia. Mwenye duka nilimwambia, akashindwa. Aliyekuwa nacho ni mtu ambaye nisingemfikiria hata kwa mwaka.

Na kuinuka. Hili halina maelezo mengi. Ukitumwa na uko mzima, nenda. Mlango wa jirani huwezi kuujua una nini nyuma yake.

Sitaki mdhani nahadithia tukio moja la maajabu. Ukianza kuangalia, utayaona madogo zaidi ya haya kila wiki. Ramadhani iliyopita alinipigia mtu aliyekosea namba, akimtafuta fundi wa majokofu Wete. Ningeweza kukata. Nikamwambia mimi siye, ila namjua fundi mmoja, nguo za mkewe nashona mimi. Nikamuomba ruhusa fundi kwanza, kisha nikampa mpigaji namba. Baada ya wiki tatu fundi yule kapita kunishukuru, kasimama mlangoni, jicho lake likaanguka kwenye waya wa pasi yangu. Umevuliwa ngozi pale unapoingia kwenye mpini, na mimi kutwa naushika kwa mkono wenye maji. Alichomoa, akaketi kwenye benchi ya wateja, akautengeneza palepale. Mtu aliyekosea namba hajui kabisa alichonifanyia. Nami sijui jina lake.

Kwa hiyo naandika. Nyuma ya daftari la vipimo nimetenga kurasa, na kila ngekewa ndogo nikiipata naiandika kutokea mwisho kwenda mwanzo, mpaka nifike kwa mtu au kitu nisichoweza kukivuka. Nawashauri na nyinyi mjaribu. Kuandika kinyumenyume kunakuonesha watu uliowasahau. Nilipoandika ya atlasi ndipo nilipogundua kuwa sikumshukuru yule kijana wa dukani. Safari iliyofuata nilimwendea nikamsimulia ulimi wake ulivyonifaa, na sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile kwa kitu asichokifanya makusudi. Alimwita na bosi wake aje asikie. Nendeni mkawaambie watu. Wengi wanaishi wakiamini hawajamsaidia yeyote.

Sasa jambo gumu, na nisipolisema nitakuwa nimewadanganya.

Asubuhi ile bandarini, chombo kilipokataa kutoka, palikuwa na kijana anawahi maziko ya baba yake Micheweni. Maziko ya kwetu hayangoji. Alikaa juu ya gunia la mtu, simu sikioni, akisikiliza watu wanavyozika kule bila yeye. Upepo ulionipa mimi wari moja ndio uliomkosesha kutia mchanga kaburini kwa baba yake. Nikimkumbuka, siwezi kutamka kwamba kila lililotokea siku ile lilikuwa na heri yake. Heri ya nani? Mtu aliyefikwa na jambo usimwendee na hesabu za mlolongo, kwamba subiri utaona mbele. Mpe mkono, kaa naye. Nilimpa maji. Sikuwa na kingine.

Sisi Wapemba tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Tufani ya mwaka 1872 ilipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zinatoka kwetu. Bibi yangu alikuwa na mikarafuu kumi na moja, na makonyo yake, vile vijiti vya karafuu, ndiyo niliyochambua nikiwa mdogo mpaka vidole vikanuka wiki nzima. Cherehani yangu ya kwanza ilinunuliwa kwa msimu mmoja mzuri. Mlolongo wangu ukiufuata nyuma unafika kwenye tufani ile. Lakini walioathirika Unguja ni watu, na waliopanda na kuchuma karafuu miaka ile walikuwa watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Neema iliyonifikia imepita katika mikono isiyopata kitu. Nikilijua hilo, nikipata kidogo nakikumbatia kwa adabu, na nikiweza nakipitisha.

Ndiyo maana ushauri wangu wa mwisho ni mdogo: kuweni mshono wa mwenzenu. Mwambie mtu ulikokiona kitu anachokitafuta. Ukikuta kilichopotea, kiweke mahali mwenyewe atapita. Ukinunua cha ziada, kiache kwenye mfuko nyuma ya mlango, usikikate ovyo.

Dada wa saba alivaa. Siku ya harusi niliwaangalia wote saba wakiingia ukumbini, nikajaribu kumtafuta nani ana ile wari ya Magomeni, na mimi mwenyewe niliyeshona sikuweza kuiona mpaka alipogeuka, maana niliiweka mgongoni, chini ya bega la kushoto.

Tangu Jumanne kuna mwavuli mweusi umesahauliwa kwenye benchi yangu ya wateja. Nimeuliza wote walioingia siku hiyo, si wao. Vuli imeanza. Nimeutundika nje kwenye msumari, mpini umeelekea barabarani.