Re: Wanafunzi wanakariri magonjwa ya kupe, wakifika zizini wanaganda

Mwalimu mwenzangu, pole. Hao wako nami nimewafundisha: mtihani anapata themanini, mbele ya ng'ombe anakodoa macho tu.

Jaribu karata. Huhitaji kompyuta, katoni na kalamu vinatosha. Kila kundi lipe ng'ombe mmoja na shilingi 30,000 za bandia. Kadi ya juu iandike malalamiko ya mfugaji: "Hali chakula tangu jana, anahema." Kadi za chini, zenye majibu ya uchunguzi, zifichwe, na kila uchunguzi ulipiwe. Wakipima joto, unafunua nyuzi 41. Wakipapasa chini ya sikio, tezi imevimba. Wakiuliza mkojo, ni wa kawaida, basi ugonjwa wa mkojo mwekundu (babesiosi) waupunguzie uzito. Sasa wachague: ndigana kali (East Coast Fever, inayovimbisha tezi) au ndigana baridi (anaplasmosi)? Atakayekimbilia oksitetrasaiklini, dawa ya ndigana baridi, peke yake, ng'ombe wake anakufa, maana ndigana kali inataka dawa ya buparvakwoni, tena mapema.

Kelele zitakuwa nyingi, usizizime. Ila bakiza dakika 20 za kuwauliza kwa nini walichagua vile. Bila hapo ni bao tu la kijiweni. Na karata hazifundishi mkono, kwa hiyo wiki hiyohiyo wapeleke josho wakapapase tezi zenyewe.