Maswali ya wasomaji: Mipango ya ardhi iliyofutwa na Bunge la Marekani

Tangu niandike kwamba mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta mipango kadhaa ya kusimamia ardhi ya umma katika majimbo ya Alaska, Montana, North Dakota na Wyoming, maswali hayajakoma. Nimechukua haya.

Ni kweli Bunge limeuza ardhi ya umma? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na jibu lilikuwa kwenye aya ya kwanza ya makala yenyewe. Someni kwanza. Ardhi bado ni mali ya serikali ya shirikisho. Kilichofutwa ni mpango unaosema wapi pachimbwe, wapi pachungiwe na wapi paachwe.

Mipango hii huandaliwa na wataalamu. Wabunge wanaifutaje? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sheria ya mwaka 1996 inayowaruhusu kukataa kanuni mpya za serikali. Kwa kawaida Seneti huhitaji kura 60 kati ya 100 ili kufunga mjadala, lakini chini ya sheria hii wingi wa kawaida unatosha. Rais akitia saini, kanuni huhesabiwa kana kwamba haikuwahi kuanza kutumika.

Kwa karibu miaka 30 haikuwahi kutumika kufuta mpango wa ardhi wa eneo fulani. Idara ya Usimamizi wa Ardhi, ya serikali ya shirikisho, ndiyo inayoiandaa, na haikuwa hata ikiifikisha mipango hiyo bungeni, maana haikuihesabu kuwa kanuni. Mwaka 2025 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikatoa maoni kwamba ni kanuni, na mlango ukafunguka.

Ninalolipinga ni hili: mbunge hapewi nafasi ya kusahihisha hata mstari mmoja. Ni ndiyo au hapana kwa mpango mzima. Kama kipengele kimoja cha madini kina kasoro, vinakwenda navyo vipengele vya maji, wanyama na njia za wavuvi.

Alaska si barafu tupu? Nani anaumia huko? (Msomaji, Mwanza)

Wanaumia watu wa vijiji vya kando ya mito Yukon na Koyukuk, wengi wao wenyeji asilia. Vijiji vingi havifikiwi kwa barabara. Bidhaa za dukani huletwa kwa ndege kwa bei ya kuumiza, kwa hiyo samaki waliokaushwa na nyama ya kulungu wa kaskazini ndiyo akiba ya majira ya baridi.

Mpango wa Central Yukon ulihusu ekari milioni 13.3. Ulichukua zaidi ya miaka kumi kuuandaa, ukakamilika Novemba 2024. Ulitenga zaidi ya ekari milioni 3 za kuangaliwa kwa namna ya pekee, yakiwemo mazalia ya samaki. Sasa inarudi mipango ya mwaka 1981, 1986 na 1991. Fikirini maana yake. Samoni wa Yukon wamepungua kiasi kwamba mwaka 2024 jimbo la Alaska na Kanada walikubaliana kusitisha kwa miaka saba uvuvi wa aina iliyo kubwa kuliko zote, halafu ardhi inayozunguka mito hiyo inaongozwa na karatasi za enzi ambayo mtu hakuwaza hayo.

Ni chama gani kilichoifuta mipango hii? (Msomaji, Mombasa)

Republican, na Rais Trump akasaini.

Si ajira za makaa ya mawe zitarudi? (Msomaji, Houston)

Zilikuwa zimekwenda wapi? Mipango ya bonde la Powder River, Montana na Wyoming, ilizuia ukodishaji mpya tu. Migodi iliyopo ilikuwa na makaa ya kuchimba hadi mwaka 2035 upande wa Montana na 2041 upande wa Wyoming. Oktoba 2025 serikali ilinadi zaidi ya tani milioni 167 za makaa huko Montana. Likaja ombi moja tu, la dola 186,000. Gawanya mwenyewe: haifiki hata senti moja kwa tani. Serikali ikalikataa. Anayewaahidi wachimbaji neema kwa kufuta mpango anawadanganya, kwa sababu mitambo ya umeme inayonunua makaa hayo inazidi kufungwa.

Rais ajaye hawezi kuirudisha? (Msomaji, Arusha)

Sheria ile ya mwaka 1996 inakataza kutolewa tena kanuni "inayofanana kwa kiasi kikubwa" na iliyokataliwa, mpaka Bunge lenyewe lipitishe sheria ya kuruhusu. Kufanana kwa kiasi gani, haikusema. Hapo ndipo penye hatari: mtaalamu atakayeandika mpango mpya ataogopa kurudia hata yale ambayo kila upande uliyakubali.

Ndugu yangu anafanya kazi kwenye ranchi Wyoming. Wao wanashangilia. (Msomaji, Denver)

Wangengoja kwanza. Sheria hiyohiyo inasema kanuni haianzi kutumika kabla ya kufikishwa bungeni. Ikiwa mpango wa ardhi ni kanuni, mipango mingi iliyotolewa baada ya mwaka 1996 haikufikishwa, na juu ya mipango hiyo vimejengwa vibali vya malisho, mikataba ya gesi na njia za umeme. Wanasheria wamekwisha kuonya kwamba mtu yeyote mwenye kesi anaweza kulitumia hilo mahakamani. Mwambie ndugu yako amuulize mwajiri wake swali moja: kibali chao cha malisho kinategemea mpango wa mwaka gani?