Simu ukishaikamata, vidole mbali

Juzi nilimkuta kijana wa upelelezi kaunta, ameshika simu ya mtuhumiwa, anapekua picha huku akimsimulia mwenzake. Nikamwambia aiweke mezani. Akajibu, "Afande, amri ya upekuzi ninayo." Alikuwa nayo kweli. Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu.

1. Jueni mamlaka yenu yanaishia wapi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kama kilivyopitishwa, kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kutoa amri ya kuingia, kupekua na kukamata kifaa, hata kuendeleza upekuzi kwenye mfumo mwingine mkiamini data iko huko. Hapo kifaa mmekipata. Uzito wa kilichomo kama ushahidi hupimwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo, kifungu cha 18: data imetunzwaje, na mna uhakika gani haijaguswa.

2. Msiiache simu hewani. Mama mmoja alitapeliwa ada ya mwanawe kwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kijana tulimkamata na simu saa 4:10 asubuhi, hati ya ukamataji ikajazwa, mashahidi wakasaini. Ofisini nikaiweka mezani, imewashwa, ina chaji na bando. Nikafungua WhatsApp. Mazungumzo ya usiku uliopita na mwenzake yalikuwa pale, namba zinatajwa, mgao unatajwa. Nikasoma kwa uchu, sikupiga hata picha ya kioo. Nikiwa katikati, ujumbe mmoja ukageuka mbele ya macho yangu: umefutwa. Ukafuata wa juu yake, kisha mwingine. Mwenzake huko aliko alishaona tiki za bluu, anafuta kwa wote, na mimi nimeishika simu mkononi, natazama.

Mahakamani, wakili wa utetezi aliweka hati na ripoti ya uchunguzi pamoja. Simu imekamatwa saa 4:10, meseji zimesomwa saa 5:35. "Nani alikuwa ndani ya simu hii?" Nikasema ni mimi. "Uliandika wapi ulichofanya?" Sikuwa nimeandika popote. Mshtakiwa akaachiwa. Nje, yule mama alinishika mkono: "Mwanangu, si mlikuwa nayo simu yenyewe?" Nilishindwa kumjibu.

Basi wekeni hali ya ndegeni, hakikisheni Wi-Fi imezimwa, andikeni saa na jina la aliyegusa, ifungeni kwenye bahasha yenye lakiri mbele ya mashahidi. Iliyojifunga msiibahatishie nywila. Kusoma ni kazi ya mchunguzi wa maabara, naye huanza kwa kutoa nakala.

3. IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote mbili, laini na kadi ya kumbukumbu ziingie kwenye hati. "Simu moja nyeusi" mnaandika ya nini, wakati stoo imejaa simu nyeusi?

4. Kila mkono unaopokea kielelezo usaini, hata kama ni afande wako mwenye haraka. Haraka yake haitamsaidia wakili wa serikali.

5. Data za kampuni ya simu zinapotea wakati nyinyi mnasubiri jalada likamilike. Ombeni amri ya kuzihifadhi siku ileile. Mkuu wa kituo anaweza kuitoa kwa siku zisizozidi 14. Zaidi ya hapo ni mahakama. Nendeni kuomba nyongeza siku ya kumi, siyo ya kumi na nne jioni, karani ameshafunga ofisi.