Mapacha wa The Comedy of Errors
Je, Shakespeare ndiye aliyebuni wazo la mapacha kwenye tamthilia yake The Comedy of Errors? Hapana, wazo hilo si lake. Alilitoa kwa Plautus, mtunzi wa Kirumi, kwenye tamthilia yake Menaechmi, ila kule kuna jozi moja tu. Shakespeare akaongeza ya pili, watumishi wawili wote wakiitwa Dromio, na hapo ndipo mambo yanapochacha kwelikweli: Antipholus wa Ephesus, mmoja wa mabwana wao mapacha, anafungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe huku mkewe ndani anakula na shemeji yake bila kujua, kisha anakamatwa kwa deni la mkufu ambao hajautia mkononi. Kisa cha mlangoni nacho kinatoka kwa Plautus huyohuyo, kwenye tamthilia yake nyingine, Amphitruo. Zisome sambamba utaona. Lakini hukumu ya kifo inayomkabili baba wa mabwana hao mapacha, Egeon, haimo kwa Plautus.