Kwinini ya watoto wa Matera

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji wenu: ni kitabu gani cha safari kilichokufanya ufunge mizigo ukaondoka peke yako, na ulipofika, uliwakuta watu kama mwandishi alivyowaeleza? Ninajibu kutoka Malindi. Kitabu changu ni cha Carlo Levi, mchoraji wa Torino aliyesomea udaktari, na kinahusu wakulima wa kijiji kimoja cha kusini mwa Italia. Kilichapishwa mwaka 1945. Jina lake, nikilitia Kiswahili, ni Kristo Aliishia Eboli.

Wapo watakaosema hicho si kitabu cha safari, kwa kuwa Levi hakwenda kwa hiari yake. Ni kweli. Mwaka 1935 utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia, ulimkamata kwa sababu ya siasa zake, ukampeleka uhamishoni Lucania, mkoa ambao leo unaitwa Basilicata. Aliwekwa kwanza Grassano, kisha Aliano, kijiji anachokieleza kitabuni, hadi alipoachiwa mwaka 1936. Ruhusa ya kutoka nje ya kijiji hakuwa nayo. Mimi nasema hapo hasa ndipo kitabu kilipopatia nguvu yake. Msafiri mwenye tiketi ya kurudi mfukoni huwatazama watu tu. Asiyejua ataondoka lini, tena yuko peke yake, itambidi apige hodi. Atataka mtu wa kumpikia, wa kumfulia, wa kuongea naye jioni. Na wenyeji nao watakuwa na haja zao kwake.

Nimezaliwa na kukulia katika mji ambao Wataliano wameuzoea kama kwao. Hapa Kitaliano huendi kukisomea darasani, unakiokota: ufukweni, sokoni, ndani ya tuktuk. Nikiwa na miaka sita au saba, mimi na wenzangu tulikuwa tukikimbia nyuma ya magari ya watalii tukipiga kelele, "Ciao! Caramella!" Tulitaka peremende. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi hotelini, kwanza kufua, baadaye vyumbani. Wageni wakiondoka huacha vitu: mafuta ya jua, ndala, vitabu. Ndala ziligombaniwa. Vitabu havikuwa na mwenyewe, nikawa ninavibeba nyumbani, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kukisoma Kitaliano, kamusi pajani.

Vingi vilikuwa kumbukumbu za watu waliokwenda Italia peke yao, vingine vya Kiingereza, na visa vyake vinafanana. Mtu amechoka na maisha ya kwao, pengine ndoa imevunjika, anapanda ndege. Anakula vizuri, anajifunza maneno mawili matatu, ananunua nyumba kuukuu ya mlimani Toscana na kuanza kuitengeneza. Simlaumu mtu kwa kutafuta faraja. Lakini watazameni Wataliano waliomo ndani ya kurasa hizo: fundi wa paa, muuza nyanya, bibi wa jirani anayeleta kikapu cha mayai. Wanaingia, wanafurahisha, wanatoka. Fundi hatuambiwi analipwa kiasi gani wala watoto wake wako wapi. Nilikuwa nikivisoma vitabu hivyo jioni, mgongo ukiniuma kwa kutandika vitanda, na jambo hilo lilinigusa kwa sababu mimi pia nimo katika safari za watu. Nimo kwenye picha zao na kwenye barua zao: yule dada wa Malindi mwenye tabasamu.

Hata Goethe, mwandishi wa Kijerumani ambaye wengi wamemfuata nyayo, sikumkuta tofauti sana. Aliondoka Karlsbad kwa siri, saa tisa za usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1786, akaenda zake Italia akitumia jina la bandia, Möller, ili asijulikane. Sehemu kubwa ya alichoandika ni mawe, mimea, majengo na michoro. Kurasa zake ninazozipenda ni za Malcesine, kando ya Ziwa Garda. Alikuwa amekaa akichora ngome iliyochakaa, watu wakamzunguka wakidhani ni jasusi wa Austria, na mmoja wao akauchana mchoro wake. Aliyemwokoa alikuwa mwenyeji wa hapohapo aliyewahi kutumikia Frankfurt, mji aliozaliwa Goethe, akawa anazijua familia za huko. Kati ya umati mzima, aliyeweza kusema huyu ni mtu mwema alikuwa mtumishi aliyekwenda mbali akarudi. Hapo niliweka kitabu chini nikawafikiria wenzangu wa Malindi walioko kaskazini mwa Italia wakiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu.

Kitabu cha Levi nilikikuta chini ya kitanda, jalada limebanduka. Nilikishika kwa ajili ya jina lake. Wakulima wa Aliano walikuwa wakisema kwamba wao si wakristo, Kristo aliishia Eboli, mji ambao hapo barabara na reli huiacha pwani ya Salerno na kuingia bara. Katika usemi wao "cristiano" ni mtu tu, binadamu. Walichokuwa wakisema ni kwamba wao hawahesabiwi kuwa watu.

Halafu nikakutana na malaria. Neno lenyewe tumelipata kwao, maana yake hewa mbaya, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini Wataliano walikuwa na neno hilo. Levi alikuwa ndiyo kwanza afike kijijini alipoitwa kwa mgonjwa wa malaria aliyekuwa akikata roho. Udaktari alikuwa amesomea tu, kazi yake ilikuwa kuchora, na mgonjwa yule hakuweza kumwokoa. Baadaye dada yake Luisa, naye daktari, alikwenda kumtembelea akipitia mji wa Matera, mkoani humohumo. Akamsimulia alivyoona watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao, na watoto wenye matumbo yaliyovimba. Watoto wakaanza kumfuata. Luisa alidhani wanataka senti. Kumbe walikuwa wakimwomba kwinini, dawa ya malaria.

Ukurasa ule niliusoma nimesimama. Mtoto anayekimbia nyuma ya mgeni namjua. Na homa ile naijua: mdogo wangu alibebwa mgongoni usiku kucha, mama akimmwagia maji ya vuguvugu, asubuhi wakaenda zahanati kwa miguu. Wataliano niliowajua mimi walikuwa na magari na nyumba za makuti zenye bwawa la kuogelea. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na wao walikuwa na watoto kama sisi, tena katika umri wa bibi zangu. Nikaamua nitakwenda huko.

Ilinichukua miaka mitatu kuweka akiba. Vitabu vya safari huanza kwenye kituo cha treni, jua linachomoza. Changu kingeanza kwenye foleni ya viza: taarifa za benki, barua ya mwajiri, ushahidi wa mahali pa kulala, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Na swali lililorudiwa mara tatu kwa sauti tofauti: kwa nini unakwenda peke yako? Nilijibu kwamba nimesoma kitabu. Sidhani kama niliaminiwa, lakini viza nilipata, na Aprili ya 2018 nikaondoka.

Katika ukumbi wa kituo kimoja cha treni njiani, askari wawili walinijia kuniomba hati. Walimwomba pia kijana wa Kisenegali aliyekuwa akiuza mikanda karibu na mlango. Ukumbi ulijaa watu, hawakumuuliza mwingine yeyote. Nilikuwa na kila karatasi, hata hivyo mikono ilinitetemeka nikizitoa. Hilo Levi hakunieleza, wala Goethe asingeweza kunieleza, yeye aliyevuka mipaka kwa jina la bandia bila kusumbuliwa.

Kutoka Bari kwenda Matera kuna treni ndogo ya reli nyembamba inayopita katikati ya mizeituni na mashamba ya ngano. Mapango aliyoyaona Luisa huitwa Sassi. Sheria ya mwaka 1952 iliamuru watu wahamishwe mle na kujengewa makazi mapya, mapango yakabaki matupu miaka mingi. Mwaka 1993 UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia, na leo mengi ni vyumba vya wageni vya bei ambayo mshahara wangu wa mwezi usingelipa usiku mbili. Nilipanga chumba mjini juu. Nilishuka kwenye ngazi za mawe asubuhi mapema kabla ya makundi, nikijaribu kuwasikia wale watoto. Niliyoyasikia yalikuwa magurudumu ya masanduku ya wageni.

Lakini dukani nilionyeshwa kitu kimoja ambacho bado nakifikiria. Ni muhuri wa mbao, mrefu kama kidole gumba, umechongwa umbo la jogoo juu na herufi mbili chini. Zamani kila familia ilikanda unga wake nyumbani, mkate ukapelekwa kuokwa kwenye tanuri la wote. Ili mikate isichanganyike, kila mmoja ulipigwa muhuri wa nyumba yake. Mwenye duka, mama wa makamo, alinishika mkono akaukandamiza muhuri kwenye kiganja changu. Herufi zikatokea nyekundu, zikakaa kidogo, zikafutika.

Aliano iko juu ya kilele cha udongo mweupe uliokatwakatwa na mvua mpaka ukawa kama mifupa. Mabasi ni machache, nikajua kwamba nikishuka nitakuwa hapo mpaka jioni, nitake nisitake. Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango wake akichambua maharage. Nikamwamkia. Hakuniuliza nimetoka nchi gani.

"A chi appartieni?" akasema. Wewe ni wa nani?

Kwetu mzee akikukuta njiani huuliza vilevile: we mwana wa nani? Anataka jina la mtu, jina la nchi halimsaidii. Nikamtajia mama yangu, nikamtajia bibi yangu aliyenilea. Akalirudia jina la bibi taratibu, kama anayelionja.

"Uko peke yako, mwanangu?"

"Peke yangu, bibi."

"Umekula?"

Hakungoja jibu, alimwita mkwewe kwa sauti ya kutosha kijiji kizima. Tulikula tambi zilizonyunyiziwa makombo ya mkate yaliyokaangwa, na pilipili tamu za huko zinazoanikwa kwenye kamba mpaka zikauke, halafu zinatiwa mafuta ya moto kwa nukta chache tu. Zinavunjika mdomoni kama kachiri. Aliniambia mumewe alifanya kazi Ujerumani miaka kumi na minane, watoto wawili wako Torino, aliyebaki ni huyu mmoja. Bibi mwenyewe hakumwona Levi, alizaliwa baadaye, lakini mama yake alikuwa akimtaja kila mara: Don Carlo aliahidi kurudi. Levi alifariki mwaka 1975, akazikwa hapo Aliano kama alivyotaka. Baada ya kula nilikwenda makaburini. Kaburi lake ni la kawaida, na mbele yake kuna bonde zima.

Sasa, niliwakuta watu kama alivyowaandika? Malaria haipo tena. Vita dhidi ya mbu baada ya mwaka 1945 viliimaliza, na mwaka 1970 Italia ilitangazwa kuwa huru nayo. Wakulima wenyewe wengi wameondoka. Na kuna jambo moja ambalo nadhani Levi alikosea, ingawa alikosea kwa mapenzi. Aliandika kana kwamba watu wale wako nje ya historia, wakati umesimama kwao. Lakini yeye mwenyewe anasema kwamba ukutani mwa kila nyumba alikuta picha mbili, Bikira Maria wa Viggiano na Rais Roosevelt wa Marekani, kwa sababu wanaume wengi wa huko walikuwa wamekwenda Marekani. Na alipokatazwa kuwatibu, walitunga mchezo wa kuigiza wakauonyesha mitaani, wazi, wakiwasema wakubwa. Watu wa namna hiyo wanaijua historia vizuri. Bibi aliyenilisha alikuwa na tarehe zote kichwani: siku mumewe alipoondoka, siku umeme ulipofika, siku shule ilipofungwa.

Bado nakipendekeza kuliko vyote vilivyopita mikononi mwangu, kwa kuwa ndani yake wenyeji wanakasirika, wanakataa, wanamdai mwandishi kitu, na yeye anabaki na deni lao mpaka kaburini. Mlioko Lamu, Zanzibar, Mombasa, mnaoishi na wageni kila siku, kitafuteni.

Nimeanza kuandika cha kwangu kwenye daftari, usiku baada ya kazi. Foleni ya viza nimemaliza. Matera na Aliano nimeandika kurasa arobaini. Ninapokwama ni kwenye ule ukumbi wa kituo cha treni. Ninaikumbuka mikanda ya yule kijana, ya kahawia na myeusi, imening'inia kwenye mkono wake wa kushoto, na namna alivyonitazama askari walipoturudishia hati zetu. Treni yangu ilikuwa inakaribia kuondoka, nikakimbia. Sikumuuliza ni wa nani.