Kipa kaumia, sabu zimeisha: straika anaruhusiwa kukaa golini?

Anaruhusiwa, mkuu. Mpira uwe umesimama, refa aambiwe kwanza, na avae jezi ya rangi tofauti na wenzake. Mkibadilishana kimyakimya refa anaacha mchezo uendelee, halafu wote wawili wanakula njano. Sio ajabu hata huko juu: straika Niall Quinn wa Manchester City alifunga bao na kupangua penalti ya Derby County mechi hiyohiyo, Aprili 1991.

Ila kama mnacheza pale uwanja wa Nyamagana, Mwanza, ni nyasi bandia, mpira unadunda na kuteleza haraka. Kwa mashuti ya chini apige goti moja nyuma ya mikono. Straika huinama miguu ikiwa wazi, anapigwa tobo. Krosi apige ngumi, asijaribu kudaka.