Bikoni Ni ya Kuonekana: Kwa Vijana Mnaoanza Fildi Dodoma

Wadogo zetu wa fildi ya upimaji ardhi, kiangazi kimeanza na fomu zimeanza kurudi ofisini zimeandikwa "bikoni ipo", yaani alama ya zege na nondo ya kona ya kiwanja imeonekana. Ukienda kuangalia, unakuta kipande cha nondo ambacho mtu alifungia mbuzi. Tuelewane mapema, kabla hamjafika Nala na Iyumbu mkagombanisha majirani.

1. Lijueni neno lenyewe. Limetoka Kiingereza, na asili yake huko ni ishara, hasa moto unaowashwa juu ya kilima ili wa mbali auone. Mwenge uliowekwa kileleni Kilimanjaro tulipopata Uhuru mwaka 1961 ulikuwa bikoni kwa maana hiyo ya kale. Mabaharia huita hivyo taa na alama za kuingilia bandarini. Ndege ina yake, ile taa nyekundu inayomwekamweka mgongoni, huwashwa kabla ya injini ili aliye chini akae mbali. Hata ruta ya Wi-Fi hutangaza jina lake kwa ujumbe wenye jina hilohilo, mara kumi hivi kwa sekunde. Sisi wapima tulilipata vilimani: pembetatu za zamani za upimaji zilipimwa kilele kwa kilele, mchana ukilenga kioo kinachoakisi jua, usiku ukilenga taa. Taa zimezimwa, zege limebaki na jina. Bikoni isiyoonekana ni kokoto tu.

2. Kupanda: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa nusu mita, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), namba ichapwe zege likiwa bichi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga chimbeni zaidi. Ule huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, na bikoni fupi hutembea nao.

3. Datamu (msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake) na kanda (kipande cha ramani chenye namba zake). Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo sisi tuliowatangulia tulipoaibika wengi, na hakuna wa kumsingizia.

Jiji la Dodoma na Bahi wako kanda ya 36 kusini ya UTM, mfumo wa namba za ramani kwa mita. Kongwa na Mpwapwa wako kanda ya 37. Mstari unaozitenga, nyuzi 36 mashariki, hauko hata kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Kwa hiyo mashine ya kupimia iliyorudi jana kutoka Kongwa, leo ikipelekwa Nala bila kubadilishwa, inakubali namba zako kimyakimya. Namba ya mashariki (easting) ya katikati ya mji ni karibu 805,000 kwa kanda ya 36. Soma namba hiyohiyo kwa kanda ya 37 na kiwanja chako kinaibukia Bahari Hindi, mbali mashariki ya Unguja. Kosa hilo si la kutisha. Bahari inakuamsha.

La kutisha ni datamu, kwa sababu halikuamshi. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye datamu ya Arc 1960. Simu yako na GPS ya mkononi zinatoa namba za datamu ya WGS 84. Tofauti yake hapa kwetu ni kama mita 300 kaskazini-kusini, na mita 80 na kitu mashariki-magharibi. Unaingiza namba za ramani, mshale unakupeleka mtaa wa pili, na huko nako kuna kitalu kilichopimwa, kuna bikoni, kuna kona inayofanana na yako. Unafukua, unakuta zege, unafurahi, unaandika "ipo". Mwenye kiwanja anajenga msingi. Aliyelipa gharama ya kuubomoa hasahau sura yako.

Dalili zinasomeka kwa anayetaka kusoma. Bikoni zote zikikosea upande mmoja kwa kiasi kilekile, ni datamu. Zikikosea kila moja kivyake, zimehamishwa au zimepandwa vibaya. Tiba: wekeni rova (kipokezi cha GPS cha kupimia) juu ya bikoni za zamani zisizopungua tatu zenye namba zilizosajiliwa, tafuteni hesabu ya kugeuza namba za datamu moja kwenda nyingine, kisha jaribuni juu ya ya nne ambayo hamkuitumia kwenye hesabu. Ya nne ikikataa, msipande kitu. Rudini, hata kama dereva ananuna.

4. Tepu itawabishia, iacheni ibishe. Dodoma iko pembeni ya kanda na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Vyote viwili vikijumlishwa, umbali wa gridi (unaohesabiwa kwa namba za ramani) unazidi ule wa ardhini unaopimwa kwa tepu kwa sentimita 5 hadi 6 kila mita 100. Kwenye kiwanja cha mita 20 ni sentimita moja tu, hamna kesi. Kwenye kitalu cha mita 400 ni sentimita 23, na hapo ndipo kijana husogeza bikoni nzuri "ili ikubaliane na tepu". Usiisogeze! Ingiza uwiano wa gridi na ardhi kwenye hesabu.

5. Kufufua mipaka bila mwenyekiti wa mtaa na majirani wote ni kujitafutia kesi. Kuhamisha bikoni kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, lakini wapo wanaohamisha usiku kwa sururu na mchana wanakuletea maji ya kunywa. Kunyweni, msiwabishie, pimeni umbali hadi bikoni mbili za jirani. Na huko Hombolo kwenye zabibu, futeni vumbi kwanza kwa kitambaa. Zege likiwa halina namba, hiyo ni nguzo ya kushikia mizabibu.